Nani atamlipa fundi wa reli saratani ikija baada ya miaka 30?

Daladala inayotoka stendi ya Nyegezi kwenda mjini hupita Butimba na Mkuyuni, na kabla haijashusha abiria wa Igogo inakuwa imeandamana na reli kwa kitambo. Upande wa ziwa ipo Bandari ya Mwanza Kusini, mahali ambapo mabehewa yalisukumwa moja kwa moja hadi ndani ya meli, yakavushwa ziwa na mzigo wake bila mtu kushusha gunia hata moja. Abiria wengi hawageuzi shingo kutazama. Reli ilifika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928, na kitu kilichozeeka namna hiyo hakimshangazi mtu tena.

Katika mitaa hii, kuanzia Mkuyuni hadi Mkolani, hukosi kaya iliyojengwa kwa mshahara wa reli. Yupo aliyekuwa dereva wa treni, yupo wa genge la kutengeneza njia, yupo fundi wa karakana, yupo mwashi wa boila. Na kwa sababu ya ziwa, wapo pia mabaharia, maana kwa miongo mingi meli za hapa zilikuwa mali ya reli. MV Victoria na MV Umoja zilianza safari zikiwa vyombo vya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, na mpaka mwaka 1997, ilipoundwa Kampuni ya Huduma za Meli, mhandisi wa chumba cha injini hapa Mwanza alikuwa mfanyakazi wa reli kama alivyokuwa mkata tiketi wa stesheni ya Malampaka.

Swali la leo linawahusu watu hao. Mtu amefanya kazi miaka 25 karakana au kwenye chumba cha injini, amestaafu salama, amejijengea nyumba yake Luchelele. Akiwa na miaka 70 anaanza kukohoa na kukondeana, anapelekwa Hospitali ya Bugando, anaambiwa ni saratani ya mapafu. Je, hayo ni majaliwa tu, au kuna mtu anayedaiwa? Jibu letu la haraka ni kwamba uzee una mambo yake, au alivuta sigara ujanani, au Mungu ndivyo alivyopanga. Marekani swali hilohilo limewapeleka wafanyakazi wa reli mahakamani kwa zaidi ya miaka 70. Wameshinda mara nyingi na kushindwa mara nyingi, na jinsi walivyoshinda na kushindwa inatufaa sisi tunaoishi kandokando ya reli hii.

Sheria wanayoitegemea, ya dhima ya waajiri wa reli, ilipitishwa Aprili 1908, Rais Theodore Roosevelt akiwa madarakani, wakati ambapo reli za nchi ile zilikuwa zikiua na kukata watu viungo kila siku. Kwa kifupi wanaiita FELA. (Msafiri wa Shinyanga atakumbuka Fela nyingine, stesheni iliyoko Misungwi. Ni sadfa tu, lakini mwanasheria wa Mwanza hawezi kuisahau.) Sheria hiyo haitoi fidia ya bure. Mfanyakazi lazima aonyeshe kwamba kampuni ilizembea. Ila kizingiti chenyewe kimewekwa chini: tangu hukumu ya mwaka 1957 katika shauri la Rogers dhidi ya reli ya Missouri Pacific, inatosha kuthibitisha kwamba uzembe wa mwajiri ulichangia madhara, hata kama mchango huo ulikuwa kidogo sana.

Waliotunga sheria ile walikuwa na ajali vichwani mwao: mguu uliokatwa na gurudumu, mkono uliobanwa kati ya mabehewa. Ugonjwa unaoingia taratibu ulikuja na mtu mmoja aliyeitwa Tom Urie, fayamani, yaani mchochea moto wa injini ya mvuke. Kichwa cha treni kinapopanda mlima, au njia ikiwa imelowa, magurudumu huteleza. Dawa yake ni mchanga. Injini hubeba kasha la mchanga mkavu, na dereva akitaka anaumwaga mbele ya magurudumu kupitia mabomba. Vifaa vya kumwagia mchanga kwenye injini alizofanyia kazi Urie vilikuwa vibovu, na vumbi lilirudi ndani ya kibanda alimokuwa. Alilivuta kwa karibu miaka 30. Mwaka 1940 mwili ulikataa, akaacha kazi. Mapafu yake yalikuwa yamejaa makovu ya vumbi la silika.

Alifungua shauri mwaka 1941, na utetezi wa reli ulikuwa wa kisheria kuliko wa kitabibu. Sheria inampa mtu miaka mitatu tu kudai, walisema mawakili, na huyu bwana amevuta vumbi tangu 1910. Basi ugonjwa ulianza zamani na muda wake umekwisha. Mwaka 1949 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa hoja hiyo. Hakuna daktari anayeweza kuonyesha pumzi fulani ya siku fulani ndiyo iliyomwumiza mtu, na haiwezekani sheria imtake mfanyakazi adai fidia ya ugonjwa ambao mwenyewe hajui kama anao. Kwa hiyo saa ya sheria huanza kugonga pale madhara yanapojitokeza.

Mlango huo aliofungua Urie, ambaye hata saratani hakuwa nayo, ndio walimopita wote waliofuata. Bila hukumu ile, madai ya saratani yasingekuwapo kabisa, kwa sababu saratani za kazini hukawia. Asbestosi huchukua kati ya miaka 20 na 50 kuzaa mesotelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu. George Corson alifanya kazi ya uchomeleaji na ufundi mitambo katika karakana za reli Marekani kuanzia 1947 hadi 1974. Aligunduliwa kuwa na mesotelioma mwaka 2005. Hesabu mwenyewe: miaka 31 baada ya kuweka chini spana yake ya mwisho.

Corson alifariki kabla shauri halijaisha, na familia yake ilishindwa. Wao waliwashtaki waliotengeneza pedi za breki na vifaa vyenye asbestosi, na mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikasema kwamba vifaa vya injini za treni vinatawaliwa na sheria ya nchi nzima pekee, hivyo madai yaliyojengwa juu ya sheria ya jimbo hayana nafasi. Mtu mwingine, fundi bomba aliyeitwa Buckley, alifanya kazi miaka mitatu katika mahandaki chini ya stesheni ya Grand Central jijini New York, akibandua asbestosi kwenye mabomba ya mvuke. Yeye na wenzake walikuwa wakitoka wamepakaa vumbi jeupe mwili mzima, hata wakaitwa watu wa theluji wa Grand Central. Alidai fidia kwa hofu aliyokuwa nayo. Mwaka 1997 aliambiwa kwamba hofu bila ugonjwa haitoshi. Miaka sita baadaye, wastaafu sita wa reli ya Norfolk and Western waliokuwa tayari na makovu ya asbestosi mapafuni walikubaliwa kudai fidia kwa hofu ya saratani ambayo ingeweza kufuata. Ukiziweka hukumu hizo mbili pamoja unaona tofauti yake ni picha ya eksirei.

Kisayansi, tuhuma dhidi ya karakana ya reli hazina ubishi mkubwa tena. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, limeiweka asbestosi katika kundi la kwanza, kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Humo imo benzini, kemikali iliyomo kwenye petroli na viyeyushio, inayosababisha saratani ya damu. Lipo vumbi la silika. Upo moshi wa kuchomelea. Na Juni 2012 uliongezwa moshi wa dizeli.

Hapa kwenye dizeli nataka kutua kidogo, kwa sababu sehemu ya ushahidi uliotumika ni wafanyakazi wa reli wenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walifuatilia kumbukumbu za wafanyakazi wa reli wa Marekani karibu 55,000 kuanzia mwaka 1959 hadi 1996. Waliofanya kazi ndani ya treni, yaani madereva, makondakta na wafunga breki, walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi ya wenzao waliokuwa mbali na moshi kwa takribani asilimia 40. Utafiti wa namna hiyo uliwezekana kwa kuwa kulikuwa na daftari: nani alikuwa na kazi gani, mwaka gani. Mashine za maabara zilikuja baadaye.

Tujiulize basi mafundi wetu waligusa nini. Injini za mvuke ziliendelea kuvuta treni Tanzania hadi miaka ya 1980, na nyingi zilitoka Uingereza. Mojawapo, namba 3020, iliyopewa jina la Wanyaturu wa Singida, iliundwa Glasgow katika kiwanda cha North British miaka ya 1950. Leo imehifadhiwa Makumbusho ya Reli jijini Nairobi. Boila za aina ile zilivalishwa koti la kuzuia joto, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 malighafi ya koti hilo ilikuwa asbestosi. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Fundi alianza kubomoa koti la zamani kwa nyundo na patasi, vumbi likajaa banda zima. Akafagia. Kisha akachanganya unga mpya na maji ndani ya ndoo kama fundi wa kupiga lipu, akaupaka kwa mikono kwenye chuma na kwenye mabomba. Jioni shati lilirudi naye nyumbani, na mwenye kufua alilikung'uta kwanza. Ndiyo maana Ulaya na Marekani wamo wake wa mafundi waliopata mesotelioma ilhali hawajakanyaga karakana hata siku moja.

Vyumba vya injini za meli vilikuwa na mabomba yaleyale na gasketi zilezile, na hewa finyu zaidi. Wenzao waliounda mashine hizo kwenye kingo za mto Clyde, kule Glasgow, ni miongoni mwa walioathirika sana na asbestosi nchini Uingereza, na mwaka 2002 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilitoa hukumu muhimu katika shauri la Fairchild: mtu mwenye mesotelioma aliyepitia waajiri kadhaa, wote wakamwacha avute asbestosi, hahitaji kuthibitisha ni unyuzi wa mwajiri yupi uliomwua. Anaweza kumdai yeyote kati yao.

Hilo la waajiri kadhaa ndilo linalouma kwetu. Mchukue fundi wa kufikirika aliyeajiriwa melini hapa Mwanza mwaka 1966. Mwajiri wake wa kwanza alikuwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Mwaka 1969 bandari zikatengwa, akawa wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, akawa wa Shirika la Reli Tanzania, TRC. Mwaka 1997 meli zikatengwa na reli, akawa wa Kampuni ya Huduma za Meli, ambako alistaafia. Waajiri wanne, chumba cha injini kilekile. Mwenzake aliyebaki nchi kavu alikutana na TRL mwaka 2007, kampuni iliyokuwa na wabia kutoka India kwa asilimia 51, mpaka serikali ilipoirudisha mikononi mwake. Kisha sheria ya reli ya 2017 ikaunganisha TRL na RAHCO, kampuni iliyomiliki mali za reli, ikazaliwa TRC nyingine. Kila mageuzi yana kifungu chake cha kurithi mali na madeni. Lakini je, faili la matibabu la mpaka rangi wa mwaka 1974 lilirithiwa na nani, na liko kabati gani?

Tusijidanganye kwamba wafanyakazi wa reli wa nchi hii hawajui kudai. Mgomo wa mwaka 1960, ukiongozwa na Kasanga Tumbo na chama chake, ulidumu siku 82, ukatikisa serikali ya mkoloni. Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wengi wao wakiwa watu wa reli, walidai haki zao tangu Jumuiya ivunjike 1977 hadi wakafikia makubaliano na serikali mahakamani mwaka 2005. Na hata baada ya hapo baadhi yao waliendelea kuonekana barabarani Dar es Salaam wakisema hawajalipwa kikamilifu. Ila madai hayo yote yalikuwa ya mshahara na pensheni. Yalikuwa ya pesa ambazo kila mmoja alijua alistahili, na zenye hati. Hewa ya karakana haikuwahi kuingia kwenye orodha. Na kama pensheni yenye hati ilichukua miaka 28 kufika kwenye makubaliano, mtu mwenye kikohozi na kumbukumbu ya kichwani tu atachukua mingapi?

Kisheria Tanzania Bara ina njia mbili, na moja ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 1, 2015. Mwajiri huchangia; mfanyakazi hakatwi hata senti. Magonjwa yatokanayo na kazi yamo ndani ya sheria hiyo sawa na ajali, na mgonjwa hatakiwi kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote. Kinachotakiwa ni kuonyesha kwamba ugonjwa umetokana na kazi, na kwa magonjwa yaliyotajwa kwenye jedwali la sheria, mtu aliyefanya kazi inayohusika nayo anachukuliwa kuwa ameyapata kazini hadi ithibitishwe vinginevyo. Mafao ni saba, kuanzia matibabu, fidia ya ulemavu wa muda na wa kudumu, malipo ya anayemhudumia mgonjwa, utengamao, msaada wa mazishi, hadi malipo kwa wategemezi. Mmarekani akishinda anaweza kulipwa fedha nyingi kuliko hizo, lakini anapigana na kampuni miaka kadhaa akiwa mgonjwa. Kwa mtu wa kipato cha kawaida mimi ningechagua mfumo wetu, ukiniuliza, kwa sharti kwamba ufanye kazi kama ulivyoandikwa.

Tatizo la mfumo wetu ni tarehe. Umejengwa juu ya michango iliyoanza 2015, na aliyevuta asbestosi alistaafu kabla ya hapo. Sheria iliyotangulia ilikuwa ya enzi za ukoloni, ikimwachia mwajiri alipe mwenyewe kwa viwango ambavyo mfumko wa bei ulikwisha kuvitafuna. Kwa hiyo mgonjwa wa aina hiyo, au mjane wake, anajikuta kwenye njia ya pili, ya mahakama za kawaida, na njia hiyo ina mageti. Sheria ya Ukomo wa Muda ya 1971 inatoa miaka mitatu kwa madai ya madhara. Tangu mabadiliko ya mwaka 2020, anayetaka kulishtaki shirika la umma lazima atoe notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali na aende Mahakama Kuu. Hukumu ya Urie haiifungi mahakama ya Tanzania. Wakili anaweza kuitumia kushawishi tu, na kazi ya kumshawishi jaji kwamba miaka mitatu ihesabiwe tangu siku ya majibu ya daktari itaanzia kwenye karatasi za hospitali.

Na karatasi hizo zina kasoro moja ndogo yenye madhara makubwa. Mzee akifika kliniki anaulizwa jina, umri, mtaa, kazi. Kwenye kazi panaandikwa neno moja: mstaafu. Hapo ndipo ushahidi unapoishia. Hakuna anayeuliza alistaafu kutoka wapi, alikuwa akishika nini, kwa miaka mingapi. Kikohozi kisichoisha na kupungua uzito katika nchi yenye kifua kikuu kingi hutazamwa kwanza kama kifua kikuu, na si kosa la daktari kuanza na kinachowezekana zaidi. Lakini mesotelioma ni ugonjwa ambao karibu kila mara una asbestosi nyuma yake, uwe ulivuta sigara au hukuvuta. Saratani ya kawaida ya mapafu haina alama hiyo. Hapo mwajiri ataonyesha pakiti ya sigara, naye mgonjwa atahitaji kuonyesha historia ya kazi, maana sigara na asbestosi vikikutana hatari ya mtu huongezeka kupita jumla ya vyote viwili.

Majirani wametuonyesha kwamba mambo haya yanawezekana. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliokuwa wakiishi ukutani mwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walipewa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 mwaka 2020. Mahakama ya Rufani ikatengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Wao walishtaki kama wakazi, na sumu yao ilikuwa risasi, lakini walichokuwa nacho mkononi ni majibu ya damu iliyopimwa. Afrika Kusini wachimba dhahabu wenye silikosisi waliruhusiwa mwaka 2016 kushtaki kwa pamoja kama kundi, na mwaka 2019 mahakama ikaidhinisha makubaliano na kampuni za migodi. Nao walikuwa na rekodi za ajira zilizotunzwa na wakala wa kuajiri, mtu kwa mtu, mkataba kwa mkataba.

Yapo mengine yanayotokea sasa hivi, na haya hayahitaji mtu kusubiri miaka 30 ndipo ashtuke. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, inayojengwa na kampuni za China. Treni zake zitatumia umeme, na mataruma yake ni ya zege badala ya mbao zilizolowekwa kreosoti, kwa hiyo dereva wa kesho atapumua hewa safi kuliko babu yake. Lakini njia inapitishwa kwenye miamba ya Usukuma, na miamba hii ni granaiti, na granaiti ikipasuliwa inatoa vumbi la silika, lilelile lililomkata pumzi Urie. Anayelivuta ni kibarua wa miezi sita, wakati mwingine wa mkandarasi mdogo chini ya mkandarasi mkubwa. Kazi ikiisha yeye anarudi Kwimba kulima, mkandarasi anarudi kwao. Mwaka 2050 akianza kubanwa kifua atamtafuta nani, na kwa karatasi gani?

Hapa Nyegezi kwenyewe, nyuma ya barabara kuu, zipo gereji za mabasi. Utamkuta kijana wa miaka 19 ameinama juu ya beseni la petroli, anaosha nozeli kwa mikono mitupu, basi la jirani limewashwa ili injini isikilizwe, moshi unamwingia usoni. Akimaliza ananawa petroli ileile kuondoa grisi, kisha anachukua andazi. Sheria ya fidia inamhusu kila mwajiriwa wa Tanzania Bara, wa umma na wa binafsi. Kwa maneno ya sheria, kijana huyu ana haki sawa na mhandisi wa TRC. Ila bosi wake hajamwandikisha popote, na yeye anajiita "deiwaka", yaani kibarua wa siku.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya, na OSHA, wakala wa serikali unaoisimamia, huwapima wanapoanza kazi, wakiwa kazini na wanapoondoka. Kipimo cha kuondoka ndicho kinachopuuzwa, na kwa maoni yangu ndicho cha thamani zaidi, kwa kuwa kinaweka alama: siku hii mapafu ya mtu huyu yalikuwa hivi, baada ya miaka hii ya kazi hii. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu saratani za kazini, namba 139 wa mwaka 1974, unakwenda mbele zaidi na kutaka wafanyakazi waliokuwa karibu na vitu hivi wafuatiliwe afya zao hata baada ya kuacha kazi, na kumbukumbu zao zitunzwe. Serikali ingeweza kuanza na jambo dogo lisilo na gharama ya kutisha: daftari moja la watu wote walio hai waliofanya kazi katika karakana za reli na vyumba vya injini za meli, likisimamiwa na OSHA na WCF kwa kushirikiana na TRC, kampuni ya meli na chama cha wafanyakazi wa reli, TRAWU. Bugando wangelitumia. Wachache waliobaki wa kizazi cha mvuke wanapungua kila mwaka, na kila mmoja anaondoka na majina ya wenzake.

Kama mzazi wako alikuwa mmoja wao, usisubiri daftari hilo. Chukua kalamu wiki hii ukae naye. Andika alianza kazi mwaka gani, karakana ipi au meli ipi, alikuwa akifanya nini kwa mikono yake, akiwa na nani, msimamizi wake aliitwa nani, na nani kati yao bado yu hai. Tafuta barua ya ajira, kitambulisho, hati ya mshahara, barua ya kustaafu, hata picha ya kundi waliyopiga mbele ya injini, zipige nakala. Akienda hospitali, mwambie daktari aandike kwenye faili kazi aliyofanya na vitu alivyovuta, asiandike "mstaafu". Ugonjwa ukibainika, peleka taarifa kwa maandishi kwa mwajiri wa mwisho na WCF mapema, pokea nakala yenye mhuri, kisha umwone wakili kabla mwezi haujaisha, kwa sababu muda wa kudai una kikomo na hautamsubiri mgonjwa apate nafuu.